Fundi Anayefunga Turbini Asiondoke Kabla Haijawaka

Kazi ya fundi wa turbini (mtambo wenye mapanga yanayozungushwa na mvuke, gesi au maji) anayezunguka kutoka kituo kimoja cha kufua umeme hadi kingine ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo haiko mikononi mwake. Iko kwenye mikataba. Anaitwa mtambo ukiwa umeshazimwa na kupoa. Anaufungua, anapima, anabadilisha kilichochakaa, anaufunga. Siku mbili tatu kabla ya kuwashwa, jina lake linatolewa kwenye orodha ya zamu, masanduku ya spana yanapigwa kufuli, naye anashika njia kwenda kwenye kazi nyingine. Mtambo unawashwa hayupo. Ukitetemeka, watakaohangaika nao ni wengine. Ukizunguka kwa utulivu miaka minane mfululizo, hata hilo hatalijua.

Wenye vituo huliita jambo hili kubana matumizi. Kila fundi anayeonekana eneo la kazi baada ya kifuniko kukazwa ni posho inayoteketea bure, na meneja wa matengenezo anaulizwa kuhusu posho hiyo kila asubuhi. Mimi naona hasara iko upande wa pili. Umelipia ujuzi wa mtu kwa wiki sita, kisha ukautoa getini siku chache tu kabla mtambo haujaanza kumjibu.

Tuutendee haki mfumo wenyewe kwanza, maana haukuzuka tu. Turbini kubwa ya mvuke haifunguliwi kila mwaka. Matengenezo makubwa, yale ya kuinua kifuniko na kutoa rota, yaani shafti pamoja na mapanga yake, hufanyika baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 12. Turbini za gesi zina hesabu yake. Kwa nyingi za zile kubwa, ratiba iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kukagua vyumba vya kuchomea kila saa 8,000 za kufanya kazi, njia ya gesi ya moto kila saa 24,000, na kuufungua mtambo mzima kila saa 48,000. Kila kuwasha na kuzima nako kunaingia kwenye hesabu, kwa sababu chuma kinachopashwa moto na kupozwa mara kwa mara huchoka upesi kuliko kile kilichoachwa kikafanya kazi mfululizo. Kituo chenye mitambo miwili hakiwezi kuajiri kikosi kizima cha watu wa kazi hiyo kikasubiri muda wote huo. Isitoshe, kazi huja kwa mkupuo. Kwenye nchi zenye majira manne, mitambo mingi huzimwa wakati wa machipuko na vuli, baridi na joto vikiwa vya wastani na umeme unaohitajika ukiwa mdogo. Kwenye mabwawa, wanasubiri maji yapungue. Mafundi wanafuata msimu, na hakuna njia rahisi ya kulikwepa hilo.

Na mgeni ana faida yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi mwajiriwa wa kituo anaujua mtambo wake kuliko mtu yeyote. Anajua unavyonguruma usiku na vali ipi huvuja ukishapoa. Lakini huenda ameuona ukiwa wazi mara moja au mbili tu katika utumishi wake wote. Anayesafiri ameona ndugu za mtambo huo wakiwa wazi mahali pengi. Anajua bolti ipi kwenye aina ile hung'ang'ania, sili ipi, yaani kizuizi cha mvuke usivuje, huliwa upande wa chini, na ufa hupenda kuanzia wapi kwenye mzizi wa panga. Wenzake wakiwa bado wanafunua michoro, yeye ameshapiga magoti na tochi mahali panapohusika. Sehemu kubwa ya ujuzi wa namna hii haimo kwenye kitabu cha mtengenezaji, ingawa mtengenezaji hapendi sana kulikiri.

Kwa hiyo siombi mafundi wasisafiri. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, na ili ieleweke ni lazima tuutazame mtambo wenyewe kidogo.

Asiyewahi kusimama kando ya turbini iliyofunguliwa anaweza kudhani kazi hii ni ya misuli. Misuli inahitajika, hilo halina ubishi: bolti za ganda la mvuke wa moto huwa nene kama paja, na hazilegei kwa spana na nguvu peke yake. Zimetobolewa katikati, kijiti cha umeme kinachomekwa ndani kuipasha bolti joto hadi irefuke, ndipo nati igeuke. Lakini kiini cha kazi ni vipimo. Kwenye gridi ya hezi 50, yaani umeme unaobadilika mara 50 kwa sekunde, turbini ya mvuke iliyoungwa moja kwa moja na jenereta ya ncha mbili za sumaku huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwenye gridi ya hezi 60, mara 3,600. Mhandisi Charles Parsons alipowasha turbini yake ya kwanza ya kufua umeme mwaka 1884, ilizunguka mara 18,000 kwa dakika na kutoa kilowati 7.5 tu. Mitambo ya leo inazunguka taratibu zaidi, ila ukubwa wake unatisha. Mapanga ya mwisho, pale mvuke unapotokea kuelekea kondensa, chombo cha kuurudisha mvuke kuwa maji, huweza kuzidi mita moja kwa urefu. Duara la ncha zake likiwa na kipenyo cha mita 3.5, kila ncha inakwenda kama mita 550 kwa sekunde. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi.

Na uzito wote huo, makumi ya tani, ukizunguka haukanyagi chuma. Unaelea juu ya oili. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa beringi kwa ajili ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, oili ikaanza kupanda na kumwagika. Akaliziba tundu kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Hapo ndipo ilipobainika kuwa shafti inayozunguka hujijengea yenyewe shinikizo la oili la kutosha kuubeba mzigo wake, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akaliwekea jambo hilo hesabu zake. Beringi ya turbini hadi leo inafanya kazi hivyohivyo: ganda la chuma lililovishwa babiti, metali laini yenye bati kwa wingi, na juu yake utando wa oili ambao jicho haliuoni.

Utando huo ukikatika, kinachofuata ni cha muda mfupi. Tarehe 25 Mei 2021, mtambo C4 wa kituo cha Callide, jimboni Queensland, Australia, ulipoteza umeme wake wa ndani, ule wa mkondo geu na ule wa betri, wakati chaja mpya ya betri ikiingizwa kazini. Pampu za oili zikasimama. Mitambo ya kinga iliyopaswa kuutoa kwenye gridi nayo ilikuwa haina umeme, hivyo jenereta ikageuka kuwa mota, ikazungushwa na gridi kwa zaidi ya nusu saa pasipo oili. Shafti ikavunjika vipande na turbini ikaharibika vibaya. Hakuna fundi aliyekosea koplingi, kiungo cha shafti na shafti, pale. Nautaja mkasa huo ili msomaji aelewe ni kitu cha namna gani kinachofungwa na watu wenye haraka ya kuondoka.

Sasa tuje kwenye koplingi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Turbini kubwa haina shafti moja. Ina kadhaa zilizoungwa kichwa kwa kichwa: ya msukumo mkubwa, ya kati, ya msukumo mdogo, kisha ya jenereta. Kila kiungo lazima kinyooshwe. Saa ya kupimia, kifaa chenye uso kama wa saa kinachoonyesha mwachano mdogo sana, inafungwa kwenye shafti moja, ncha yake ikigusa ya pili, na zote mbili zinazungushwa pamoja robo kwa robo. Msomaji wa saa amelala ubavu kwenye jukwaa, tochi ya kichwa inawaka, anataja namba, mwenzake anaandika. Juu, kulia, chini, kushoto. Wakirudi juu, namba iwe ileile ya mwanzo. Ikiwa si ile, kuna kitu kimecheza, na ukurasa huo unakatwa mstari na kazi inaanza upya. Wanafanya hivi mpaka tofauti iliyobaki iwe ndani ya sehemu chache za mia za milimita, wakiongeza na kupunguza vibati vyembamba chini ya beringi.

Namba hiyo inadanganya, na fundi mzoefu anajua kwamba inadanganya. Kifuniko cha juu kikiwa kimeondolewa, ganda limelegea na kupinda kidogo. Kikirudishwa na kukazwa, vipimo vinahama. Kondensa ikiwa tupu vinasoma hivi. Ikijazwa maji, tani nyingi zinaning'inia chini ya mtambo na vipimo vinahama tena. Kisha mvuke wa nyuzi 540 unaingia, kila kipande kinapanuka kwa kiasi chake, na nguzo za beringi zinapanda, moja zaidi ya nyingine. Kwa hiyo fundi huinyoosha shafti ikae vibaya kwa makusudi ikiwa baridi, ili ikae vizuri ikiwa ya moto. Kitabu kinampa kiasi cha kuanzia. Kiasi kinachobaki kinatoka kwenye uzoefu: misingi ya kituo hiki imezama kiasi gani, ganda hili limepinda kiasi gani tangu lilipotoka kiwandani, bomba lile linalisukuma upande upi.

Swali la kama amepatia lina jibu moja tu, nalo linapatikana mtambo ukiwa umepashwa moto na kubeba mzigo. Siku hiyo yeye yuko kilomita mia kadhaa mbali, ameshafungua turbini nyingine. Ni sawa na mshona nguo ambaye katika maisha yake yote hajawahi kumwona mtu amevaa nguo aliyoishona.

Mzee wa kazi anaweza kulimudu pengo hilo, kwa kuwa miaka ya nyuma, vituo vilipokuwa na vikosi vyao vya kudumu, aliwahi kufunga mtambo na kuusikiliza. Kijana aliyeanza kazi kwa kusafiri hana akiba hiyo. Amefunga mitambo mingi na hajaona hata mmoja ukivuka mizunguko ile hatari ambapo shafti hutetemeka yenyewe kabla ya kufikia mwendo wake. Anajifunza kufungua na kufunga kama ibada: kiasi hiki hapa, kiasi kile pale, saini. Siku atakapokabidhiwa kikosi, atakuwa anajua namba zote na hajui hata moja ilizaa nini.

Kuna jambo jingine ambalo wenye vituo wengi hawapendi kulisikia. Kuufungua mtambo mzima ni hatari yenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington alichambua kumbukumbu za ndege za kikosi cha pwani cha Uingereza akakuta kwamba hitilafu zisizotarajiwa ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, kisha zikapungua kadiri saa zilivyosonga. Ukaguzi ulikuwa ukiingiza ubovu. Mwaka 1978, Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliandika ripoti kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wakionyesha kwamba asilimia 68 ya vipuri walivyovichunguza vilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuharibika vikiwa vipya au vimetoka kufungwa, na baada ya hapo hali ikatulia. Ni asilimia 11 tu ya vipuri vilivyoonyesha kuzeeka kwa maana ya kawaida. Turbini ya mvuke si ndege, na sitaki kuzihamisha asilimia hizo kama zilivyo. Lakini mtu yeyote aliyekaa na watu wa matengenezo anaijua picha hiyo: mtambo ulioingia kwenye matengenezo ukizunguka vizuri, ukatoka unatetemeka.

Ndiyo maana kuna meza ile mlangoni mwa eneo lililozungushiwa kamba. Unavua saa, pete, kalamu ya mfukoni. Ovaroli haina mifuko, au mifuko imeshonwa. Spana inaandikwa inapoingia na kuandikwa inapotoka, na tochi imefungwa kamba kwenye mkono. Kabla ya kifuniko kushushwa, mtu mmoja hukagua kila pembe, na orodha inalinganishwa. Ikikosekana nati moja, kreni inasubiri. Wageni hucheka mara ya kwanza. Hawacheki tena wakishaambiwa nati hiyo itakutana na panga linalokwenda kwa kasi gani.

Kama kufungua kunaweza kuleta ubovu, na kama ubovu wa namna hiyo hujionyesha mapema, basi saa za kwanza baada ya kuwasha ndizo saa ambazo aliyefunga anahitajika kuliko wakati wowote. Mkataba unasema kinyume. Unamtoa katika kipindi hichohicho.

Hapa huwa nakumbuka Sayano-Shushenskaya, bwawa la mto Yenisei huko Siberia. Si mkasa wa mafundi wa kusafiri, na mtu asinilishe maneno hayo; ni mkasa wa mtambo uliokuwa unasema na usikilizwaji ukawa hafifu. Mtambo namba 2 ulirudi kazini mwezi Machi 2009 baada ya matengenezo. Miezi iliyofuata mtetemo wake ukapanda. Tarehe 17 Agosti 2009 kifuniko chake kiling'oka, maji yakairusha rota juu na kuufurika ukumbi wa mitambo, na watu 75 wakafa. Katika bolti 49 za kifuniko zilizochunguzwa, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Mtetemo ulionekana kwenye vipimo. Kilichokosekana ni mtu mwenye kujua maana ya namba zile na mwenye nguvu ya kusema mtambo usimame, sifa zote mbili zikiwa kwa mtu mmoja.

Fundi anayesafiri ana nusu ya kwanza ya sifa hiyo na hana ya pili. Ni mgeni. Kazi yake ijayo inategemea msimamizi wa leo atakavyomsifu kwa simu. Kila siku ambayo mtambo umelala ina bei, na ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha kwa rangi nyekundu ni kazi ipi inayochelewesha nyingine zote. Mazungumzo ya usiku wa mwisho wa kufunga huwa mafupi. Nayaandika hapa kama yanavyokwenda, kwa sababu yanafanana kila mahali:

"Fundi, koplingi ya tatu vipi?"

"Iko ndani ya kiwango, bosi. Ila imehama tangu jana. Jana ilisoma mbili, leo nne, na hatujagusa kitu."

"Kiwango ni ngapi?"

"Tano."

"Basi ndani ni ndani. Tia saini."

Fomu ina kisanduku cha kuandika ile nne na kisanduku cha saini. Haina mahali pa kuandika kwamba namba imehama bila kuguswa, na hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko namba yenyewe. Msimamizi naye si mtu mbaya. Amebanwa na watu wa juu yake ambao hawajawahi kuishika saa ya kupimia. Kesho kutwa fundi ataondoka, na habari ya namba iliyohama itaondoka naye, kwenye daftari lake.

Daftari hilo linastahili kusemwa. Karibu kila fundi makini wa kazi hii analo, dogo, la jalada gumu, limelowa oili pembeni. Humo mna mambo ambayo fomu haikuyauliza: bolti ya saba imekazwa kwa shida, uzi wake si mzuri, kibati chini ya beringi ya nne si cha asili, kimekatwa hapahapa, sili za upande wa kushoto zimesagika kuliko za kulia, huenda ganda linavutwa. Daftari ni mali yake, na analilinda kwa sababu ndilo linalomfanya aitwe tena. Simlaumu. Kituo kinaweka kwenye makabati mafaili mazito ya vipimo vya "tulivyokuta" na "tulivyoacha", halafu maelezo ya kwa nini vipimo viko hivyo yanatoka getini ndani ya begi la mtu. Mtambo ukifunguliwa tena miaka minane baadaye, kikosi kingine kinakuta kibati kisicho cha asili na kinapoteza siku nzima kujiuliza nani alikiweka na alikuwa na sababu gani.

Uchovu nao unaangukia mahali pabaya. Zamu ni za saa 12, mchana na usiku, mara nyingi wiki baada ya wiki bila siku ya kupumzika. Kufungua hufanywa na watu wenye nguvu mpya. Kufunga, ambako ndiko kosa hufichika, hufanywa na watu waliochoka na waliokwisha kuanza kuhesabu siku za kwenda nyumbani. Kwenye vituo vya nyuklia vya Marekani kanuni zimeweka ukomo kwa wafanyakazi wa kazi zinazogusa usalama: saa 16 ndani ya 24, 26 ndani ya 48, na 72 ndani ya siku saba. Ni ukomo wa juu kwelikweli, lakini ni ukomo. Kwenye vituo vingi vya gesi na makaa hata huo ni hiari ya mkandarasi. Na sijagusa afya: unga wa manjano unaokutwa kwenye bolti za turbini ya gesi, ambao mara nyingi ni kromiamu ya aina inayosababisha saratani, huzaliwa pale grisi ya kuzuia bolti zisigande inapochomwa pamoja na kromiamu ya chuma. Wapo waliokuwa wakiupangusa kwa kitambaa kikavu kwa miaka, bila barakoa. Hilo lina makala yake.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni vihisi. Mitambo ya siku hizi imejaa vihisi vya mtetemo na joto, na mtaalamu anaweza kuusoma mtetemo akiwa bara jingine. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Kihisi kinasema beringi ya nne inatetemeka na kwa kiasi gani, na mtaalamu hodari atasema inafanana na shafti isiyonyooka. Hatasema kwamba kibati cha hapo kilikatwa kwa mkono usiku wa Jumanne. Mtu mmoja anajua hilo, na angeweza kulisema kwa dakika moja kama angekuwepo chumba cha udhibiti. Bila yeye, wanaanza kuongeza vizito vya kusawazisha kwenye rota ambayo haikuwa na tatizo la uzito.

La pili ni la mkandarasi: kazi nyingine inasubiri, siwezi kuacha watu wangu wakae. Hili ni la kweli zaidi kuliko anavyolisema, maana nyuma yake kuna jambo asilolitaja. Fundi wake akiwepo wakati wa kuwasha, kasoro inakuwa na mwenyewe. Akiwa ameshaondoka, inakuwa mjadala wa barua kati ya pande tatu, na mjadala wa barua kwa kawaida haulipwi na mkandarasi. Dhamana ya kurudia kazi ipo kwenye mikataba mingi, lakini anayerudi ni kikosi kilichopo karibu, na mara nyingi si kile kilichofunga.

La tatu linatoka kwa mafundi wenyewe, nalo ndilo linalonipa shida. Wengi hawataki kubaki. Wiki sita za saa 12 zinatosha, na siku za kusubiri mvuke ni siku za kukaa kwenye kontena kunywa chai na kutazama saa, wakati kwingineko kazi yenye malipo kamili imeshaanza. Nikiwa wao ningeondoka pia. Kwa hiyo kubaki kulipwe kama kazi, kwa kiwango kilekile cha zamu, na kusiwe fadhila wala adhabu.

Sidai kikosi kizima. Watu wawili wanatosha: kiongozi aliyesimamia kufunga, na kijana mmoja anayejifunza. Wabaki mpaka mtambo uvuke mizunguko hatari, ufike mwendo wake, ushike mzigo, na joto la beringi litulie. Kwa turbini ya mvuke isiyo na matatizo hizo ni siku chache. Wawe na kiti chumba cha udhibiti na ruhusa ya kushika nguzo ya beringi kwa mkono. Kabla ya kuondoka, kiongozi akae na mhandisi wa kituo, afungue daftari, na yaliyomo yaingie kwenye faili kwa malipo yanayotajwa kwenye mkataba, kwa sababu ni mali yake anayoitoa. Na mtambo ukifunguliwa tena, fomu ya "tulivyokuta" itumwe kwa waliofunga mara ya mwisho, popote walipo. Hakuna gharama hapo zaidi ya barua pepe, na ni ajabu kwamba karibu hakuna anayeituma.

Gharama ya watu wawili kwa siku chache ni ndogo ukiiweka kando ya gharama ya kusimamisha mtambo tena, kuupoza kwa siku kadhaa huku gia ikizungusha rota polepole isije ikapinda, kuinua kifuniko upya, na kuwaita watu ambao wengine wao wanauona mtambo huo kwa mara ya kwanza. Wahasibu wa vituo wanaweza kuipiga hesabu hiyo kwa takwimu zao wenyewe bila msaada wangu.

Wanaoandaa zabuni za msimu ujao wana jedwali la idadi ya mafundi kwa kila siku ya matengenezo. Linapanda wiki ya kwanza, linasimama, linashuka wakati wa kufunga, na kwenye safu za siku za kuwasha mstari wa mafundi wa turbini unasoma sifuri. Waandike mbili.